Nimeachiwa Mercedes 280 SE ya 1969 iliyolala miaka mingi: nianze na injini au bodi?

Chausiku_R

Wakuu, heshima zenu.

Baba yangu mdogo ameniachia Mercedes-Benz 280 SE ya mwaka 1969. Ni ile sedani yenye taa za mbele zilizosimama wima, bluu iliyokolea, gia otomatiki, viti vya ngozi vilivyochanika upande wa dereva tu. Mbao za dashibodi zimepasuka vanishi lakini hazijaoza. Liko bandani tangu macho yalipomkataza kuendesha, na kwa hesabu ya familia ni zaidi ya miaka kumi. Shangazi anasema alikuwa akilizungumzisha. Naamini.

Ninachojua mimi kuhusu magari ni kubadilisha tairi na kuongeza maji kwenye rejeta, basi. Sasa kila mtu ana lake. Binamu yangu anataka tuweke betri mpya, tutie petroli, tupige stata Jumamosi hii. Fundi mmoja aliyekuja kuliona alitazama injini, akaguna, akasema pampu ya hizi gari ni ugonjwa usio na dawa, bora tung'oe injini nzima tuweke ya kisasa. Bwana mwingine alitaka kulinunua palepale bila hata kufungua boneti, na huyo ndiye aliyenifanya nisite kuliuza.

Sina haja ya gari la maonyesho. Nataka gari ninaloweza kuliendesha siku za mapumziko, lifike liendako na lirudi. Ni ndoto? Na kama si ndoto, nianze na nini, injini au bodi? Nielezeni polepole, lugha ya gereji siijui.

Tairi_Bapa

Dada usitishike. Mjerumani wa zamani huyo, chuma kwelikweli. Betri, oili mpya, petroli mpya, piga stata. Likikohoa liache likohoe, litakaa sawa lenyewe. Gari mpya ndizo za kuogopa, sio hizo.

MwalimuPi

Chausiku, mzuie binamu. Kwa upole, lakini mzuie. Ikibidi ficha betri.

Tairi_Bapa ndugu yangu, ushauri wako ungeweza kupita kwa 280 S, ambalo lina kabureta mbili za Zenith (vidude vya kuchanganya petroli na hewa), na hata hapo ningekubali kwa shingo upande. 280 SE halina kabureta. Petroli yake inapuliziwa kwa pampu, na pampu hiyo ndiyo itakayolipa gharama ya haraka ya Jumamosi.

Nijitambulishe kidogo ili ujue unasikiliza nani. Ninalo 280 SE la 1970, gia za mkono, rangi namba 904, na kwa maelezo yako huenda hata lako ni rangi hiyohiyo. Mimi si fundi. Nilifundisha hesabu mpaka nikastaafu, na gari hili nalitunza kama nilivyosahihisha daftari: hupigi mkasi kwenye jibu kabla hujasoma hatua zote. Mafundi wengi hawapendi kufanya kazi na mimi, na wanaonipenda ni wazuri sana.

Sasa hiyo pampu. Ubavuni mwa injini yako kuna pampu ya Bosch yenye bastola ndogo sita, kila silinda na yake. Haina kompyuta. Inazungushwa na injini yenyewe, na ndani yake kuna kamu ya umbo la ajabu, imechongwa ili isome mambo mawili kwa wakati mmoja: injini inazunguka kwa kasi gani, na mguu wako umekanyaga kiasi gani. Kutokana na hayo kila silinda inagawiwa petroli yake. Juu ya pampu kuna kidude kinachohisi mgandamizo wa hewa, ili ukipanda milimani petroli ipunguzwe yenyewe. Kingine kimeunganishwa na maji ya injini, kazi yake ni kuongeza petroli na hewa injini ikiwa baridi na kujifunga ikipata joto. Kazi yote hiyo inafanywa kwa chuma na springi, na ikiwa safi inadumu miaka na miaka.

Isichoweza kuvumilia ni petroli iliyolala. Petroli ya miaka kumi hugeuka ulimbo, na bastola zile zimekaa kwenye matundu yake bila nafasi hata ya unywele. Zinaganda. Ukizilazimisha kwa stata unaweza kuvunja ndani kitu ambacho kuloweka kwa siku chache kungekiachia bila kelele.

Kwa hiyo siku ikifika ya kugusa injini, mpango ni huu. Mwaga petroli yote iliyomo tangini. Kwenye tundu la kutolea la chini ya tangi kuna kichujio cha wavu, kitoe ukitazame juani. Ukikuta unga wa kahawia, tangi linateremshwa na kuoshwa, hakuna mjadala. Mipira yote ya petroli, ya kwenda na ya kurudi, weka mipya inayostahimili ethanoli, maana petroli nyingi za leo zina ethanoli na mipira ya miaka ile haikutengenezwa kwa ajili hiyo. Halafu toa plagi zote sita, dondosha oili kidogo kila tundu, acha ilale usiku, na kesho yake zungusha injini kwa mkono, spana kwenye boliti kubwa ya mbele ya kranki (mhimili mkuu unaozunguka wa injini), kuelekea upande wa saa. Ikizunguka laini umebarikiwa. Ikigoma, simama hapohapo uje tuulizane.

Ila hayo yote ni baadaye. Uliuliza injini au bodi. Jibu ni bodi, kabla hujanunua hata plagi moja.

Nasema hivyo kwa sababu injini ya gari hili inatengenezeka yote. Gasketi, ringi, vali, beringi, mnyororo, vyote vinapatikana, vingine bado kwa Mercedes wenyewe kupitia idara yao ya magari ya kale. Bodi ni kitu kingine. Gari hili halina chesisi ya kutenganisha. Bati la sakafu, mbavu za pembeni chini ya milango na mihimili ya mbele na nyuma ndivyo vinavyolibeba. Vikioza, unakuwa na injini nzuri ndani ya biskuti. Na kazi ya kukata na kuchomelea bati inaweza kuzidi thamani ya gari zima, jambo ambalo injini huwa haifiki.

Chukua tochi, bisibisi butu na sumaku iliyofungwa kitambaa. Inua mazulia ya mbele, yote mawili, na ile sponji iliyo chini yake. Ubavuni chini ya milango kuna matundu manne ya kuchomekea jeki, yenye vifuniko vya mpira: vitoe, ingiza bisibisi, sukuma. Chuma kizima kitakurudishia mlio mkavu. Kilichooza hakisemi kitu, bisibisi inazama tu. Fungua buti, toa zulia, tazama mashimo ya pembeni kushoto na kulia, maji hukaa humo. Pitisha sumaku kwenye upinde wa magurudumu ya nyuma, isiposhika ujue mtu alipaka puti, ile lipu ya kufichia mabonde na kutu. Halafu lala chini utazame mahali fremu ndogo ya mbele, ile iliyobeba injini na magurudumu, inapokutana na bodi kwa mipira mikubwa. Hapo pakiwa pameoza, mpigie yule bwana asiyefungua boneti.

Usisahau kibati cha namba ndani ya chumba cha injini. Niandikie tarakimu sita za mwanzo na mbili zinazofuata. Zilizobaki usiziweke hapa hadharani.

Yule fundi wa kung'oa injini mshukuru, umsindikize hadi getini.

V8_au_Basi

Mzee Pi umeandika kitabu lakini umeacha la muhimu. 280 SE ni gari la mstaafu, bila kukukosea heshima. Silinda sita, nguvu farasi 160, otomatiki ya kusukumana. Dada, ukishalitengeneza liuze, tafuta 300 SEL 6.3. Umbo lilelile, lakini ndani wameweka V8 (silinda nane) ya lita 6.3 iliyotoka kwenye ile 600 ya marais. Farasi 250 mwaka 1968! Magari ya michezo ya wakati ule yalikuwa yanaachwa na sedani yenye viti vya babu. Zimetengenezwa 6,526 tu. Hilo ndilo gari.

MwalimuPi

V8, sijakosewa heshima, mimi ni mstaafu kweli. Na 6.3 ni gari la ajabu, sibishi. Mhandisi Erich Waxenberger alilianza kama jaribio lake tu, kuingiza injini ya 600 kwenye bodi ya sedani, kabla kampuni haijalikubali.

Lakini huyu dada kasema anataka gari la kufika na kurudi, na hajui lugha ya gereji. Unampeleka kwenye springi za hewa? Kila 300 SEL, liwe la silinda sita au la V8, limekalia mito ya mpira iliyojaa hewa. Kuna kompresa inayozungushwa na injini, kuna tangi la hewa, kuna vali za kusawazisha kimo, mbili mbele na moja nyuma. Vikiwa vizima unaelea. Kimoja kikivuja, asubuhi unalikuta gari limelala tumbo chini, na unasubiri hewa ijae ndipo uondoke. Mwenye 280 SE ana springi za chuma tu na halali macho kwa hilo.

Kuhusu 280 SE 3.5, lile la V8 ya lita 3.5, maana najua ndiko utakakokimbilia: injini tamu, pengine tamu kuliko zote katika umbo hili. Upuliziaji wake wa petroli ni ule wa umeme wa Bosch, D-Jetronic, sanduku la transista na vihisi vyake. Wayaringi ya miaka hamsini na kitu ikishakauka, unatafuta hitilafu moja mwezi mzima. Mimi nachagua pampu ya chuma. Ladha tu, kila mtu na yake.

Chausiku_R

Mwalimu, nimefanya kama ulivyoagiza. Binamu ameshika tochi huku amenuna.

Kibati kinaanza 108018, halafu 22. Kwenye bloku ya injini tumeona 130980 baada ya kusugua.

Zulia la mbele kushoto kavu, sakafu nzima, bado ina rangi ya kiwandani. La kulia, sponji ilikuwa na unyevu na chini yake bati limeliwa, naona ardhi kupitia tundu linaloingia vidole vyangu viwili. Matundu ya jeki: matatu yamelia vile ulivyosema, la nyuma kushoto bisibisi imezama hadi kwenye mpini na kutoka na vumbi jekundu. Mashimo ya buti safi kabisa. Upinde wa gurudumu la nyuma kulia sumaku imeteleza kama kwenye plastiki. Chini mbele, penye ile mipira mikubwa, chuma ni kizima, ila mipira yenyewe imebonyea na kupasuka.

Nilie au nicheke?

MwalimuPi

Cheka, lakini sio sana.

Namba kwanza. 108018 ni 280 SE la kawaida, si lile refu (refu ni 108019). Mbili ya kwanza baada yake ni usukani wa kulia, ya pili ni otomatiki. Injini inayoanza na 130980 ndiyo injini ya 280 SE, kwa hiyo aina inalingana. Ungeniambia 130920 ningejua mtu kaweka ya 280 S. Sasa iombe Mercedes kadi ya data ya gari lako, ukiwa na uthibitisho wa umiliki. Itakuonyesha namba ya injini iliyofungwa siku ya kwanza, namba ya rangi, namba ya ngozi na vitu vyote vilivyoagizwa, hadi redio kama ilikuwa ya kiwandani. Ukitaka kubishana na muuza spea au mnunuzi siku moja, karatasi hiyo inamaliza maneno.

Kuhusu kutu: mihimili ya mbele mizima, mashimo ya buti mazima, sakafu moja nzima. Hilo ni gari la kuokoa. Mipira ya fremu kubonyea ni kawaida, inabadilishwa, na usukani utakushukuru, maana ikibonyea gari huanza kutangatanga barabarani na watu hubadilisha vitu vingine vyote kabla ya kuitazama.

Usichomelee hilo tundu la sakafu kabla hujajua maji yameingia wapi. Chini ya kioo cha mbele kuna nafasi ya kuingizia hewa ya ndani, na ina mifereji ya kutoa maji. Majani yakiziba mfereji, maji hujaa na kumwagikia miguuni mwa dereva au abiria wa mbele. Mimina kikombe cha maji pale, mtu mwingine atazame chini ya gari kama yanatoka. Yasipotoka umempata mwizi. Kama gari lako lina paa la kufunguka, fanya vivyo hivyo kwenye pembe zake nne, maana nalo lina mipira ya kushusha maji ndani ya nguzo.

Kazi ya bati nawaachia wenye kazi yao.

Mchomeleaji

Nimeitwa bila kutajwa jina.

Dada, hizo sedani nimezifanyia kazi kadhaa. Tundu la jeki likiwa limeoza, uozo haukuishia hapo. Lile bomba la jeki limechomelewa ndani ya ubavu, na ubavu una kuta zaidi ya moja. Ya nje unayoiona inaweza kuwa imebaki kama ganda na ya ndani haipo. Fundi akikuambia atabandika kiraka juu akaziba, kataa. Kiraka kinafungia unyevu na baada ya misimu miwili unarudi na tundu kubwa zaidi.

Inavyotakiwa: gari likae sawa juu ya stendi, lishikiliwe mbele na nyuma mahali pazito. Kabla ya kukata ubavu, funga vyuma vya kushikilia ndani ya uwazi wa mlango, kutoka nguzo hadi nguzo. Pima nafasi kati ya mlango na bodi, andika. Ndipo ukate, ukate mpaka ufike chuma cheupe. Ukikata ubavu bila kushikilia, bodi inajikunja kidogo, huoni kwa macho, unaona siku unapofunga mlango ukagoma. Mlango wa gari hilo ukiwa sawa hufungwa kwa kidole, huo ndio mtihani wangu wa mwisho.

Upinde wa nyuma wenye puti, usiubomoe kwa hasira. Pasha moto taratibu, kwangua, uone kilicho chini. Mara nyingine ni bonde la ajali tu, bati lenyewe zima.

Ukimaliza, nta ya kuzuia kutu ipigwe ndani ya mbavu zote, na matundu ya chini ya kutolea maji yaachwe wazi. Nimeona watu wanayaziba kwa rangi ya lami wakidhani wanalinda.

Tairi_Bapa

Nimenyooshwa. Lakini mzee, tuseme bodi imekwisha, tangi safi, injini inazunguka kwa mkono. Linawaka lakini linatoa moshi mweusi na harufu ya petroli. Si hapo ndipo unafungua skrubu ya pampu upunguze?

MwalimuPi

Hapana! Na nashukuru umeuliza, maana hapo ndipo magari haya huharibiwa na watu wenye nia njema.

Langu liliwahi kukosa nguvu kwenye milima. Gereji moja, sitaitaja, wakafungua pampu wakaongeza petroli, likapata nguvu kidogo na moshi mwingi, wakanilipisha. Ugonjwa ulikuwa kile kichujio cha wavu cha tangini kuziba. Pampu ilikuwa haina kosa lolote, na baada ya hapo ikabidi ipelekwe kwa mtu mwenye mashine ya kupimia ili irudishwe kwenye vipimo vyake. Gharama ya kurekebisha marekebisho ilikuwa kubwa kuliko ya ugonjwa.

Pampu inaguswa mwisho, baada ya vingine vyote kuthibitishwa. Nafasi za vali. Platina (swichi ndogo ya cheche) na taimingi, yaani wakati wa cheche kuwaka. Hewa inayovuja kwenye mipira ya vakyumu. Presha na wingi wa petroli inayofika. Halafu vile vijiti vinavyotoka kwenye pedali kwenda kwenye koo la hewa na kwenye pampu: vina urefu maalumu, na vichwa vyake vya gololi huchakaa. Mtu akikaza kimoja ili kupandisha sailensa (mzunguko wa injini mguu ukiwa haujakanyaga), pampu na koo la hewa vinaacha kwenda pamoja, na hapo hakuna skrubu itakayokuponya.

Kwa moshi mweusi hasa, anza na kile kidude cha joto nilichokitaja, kilicho kwenye pampu na kinachopata maji ya injini. Kina kichujio kidogo cha hewa. Kitoe, weka kidole kwenye tundu lake injini ikiwa baridi na inaunguruma: utasikia inavuta ngozi. Endelea kushika mara kwa mara injini ikipata moto. Mvuto unapaswa kufifia na kuisha. Kama injini imeshapata joto lake la kawaida na tundu bado linavuta, kidude kimekwama, injini inadhani ni alfajiri ya baridi kali na inajimiminia petroli. Kisafishe, kirekebishwe, moshi unaweza kuisha bila kufungua kitu kingine. Kikiwa kizima, kagua ile vali ya kuwashia ya kwenye manifoldi, nayo huvuja kimyakimya.

Na moshi wa bluu unapowasha tu asubuhi, kisha unaisha, ni sili za vali. Si sababu ya kushusha injini.

Chausiku_R

Ahsanteni sana. Mchomeleaji nimekuelewa, vyuma kwanza ndipo kukata. Mwalimu, mawili tu ya mwisho. Baba mdogo alikuwa akisema otomatiki yake "inapiga teke", hiyo ni mbovu? Na kabla ya kuliendesha mara ya kwanza, kuna kitu kinachoweza kuniua?

MwalimuPi

Otomatiki hiyo ina gia nne na haina tokikonveta kama za siku hizi, ina kapulingi ya majimaji tu. Kwa hiyo teke kidogo wakati wa kubadilisha ni tabia yake. Teke la kukutikisa shingo, au injini kupanda mzunguko bila gari kwenda, huo ni ugonjwa. Kabla ya kuhukumu, angalia mipira ya injini na ya gia, maana ikilegea kila badiliko la gia linahisiwa kama ngumi. Oili ya gia pima injini ikiwa inaunguruma, ya moto, lever kwenye P.

Cha kukuua ni breki. Gari lina diski magurudumu yote manne, nzuri sana, lakini ile mipira minne ya breki huvimba kwa ndani. Nje inaonekana nzima. Unakanyaga, mafuta yanapita. Unaachia, hayarudi, kalipa (kidude kinachobana diski) inabaki imebana, gurudumu linachemka na gari linavuta upande mmoja. Badilisha yote minne bila kuangalia, pamoja na sili za kalipa na mafuta ya breki. Kagua pia kama silinda kuu ya breki inavujia ndani ya basta, kile kidude kinachosaidia mguu kukanyaga breki. Dalili ni mafuta ya breki kupungua bila tone kuonekana chini. Tairi nazo, hata ziwe na kashata nzuri namna gani, za miaka kumi zitupe.

Mfumo wa kupooza usafishe, weka kipoozi chenye kinga ya kutu, usitie maji matupu. Hedi ya injini hiyo ni ya alumini, maji matupu huitafuna kwenye njia za gasketi.

Jambo moja ili usishtuke: ukiliinua nyuma kwa jeki utaona magurudumu yamejikunja kwa ndani kama limevunjika mgongo. Halijavunjika. Ekseli yake ya nyuma imeungwa kwa kiungo kimoja katikati, kwa hiyo ikining'inia inakunja hivyo. Kwa sababu hiyohiyo usiachie pedali ya mafuta ghafla katikati ya kona kali. Punguza mwendo kabla ya kona, halafu endelea na mguu laini. Na likikaa chini nyuma hata likiwa tupu, kuna springi ya hidroliki ya Boge juu ya ekseli, katikati, hiyo ndiyo itakuwa imechoka.

Chausiku_R

Binamu amekubali kumwaga tangi. Kilichotoka ni rangi ya chai ya rangi, na kile kichujio cha wavu nimekikuta kimeota kutu hadi kinavunjika mkononi. Napiga picha.

MwalimuPi

Picha si lazima. Teremsheni tangi.